Aliyefundisha Kulisha

Kwenye makao ya wazee na watu wenye ulemavu, mhudumu mmoja wa kike walimwita Kijiko. Jina alibandikwa na fundi saa mmoja aliyepigwa na kiharusi, kikamchukua upande wa kulia na nusu ya ulimi. Wahudumu wengine walishakata tamaa, maana kila alicholishwa kilimpalia. Yeye alimketisha wima, akamwekea mto ubavuni, akamwinamisha kidevu, akasubiri ameze ndipo achote tena. Bakuli moja liliwachukua dakika arobaini. Siku ya tatu fundi akasema kwa taabu, "Kijiko cha huyu kina akili."

Alikuwa na miaka kumi na miwili kazini ofisi kuu ilipotangaza mpango wa kuwaimarisha wahudumu. Walikuwa sita kwa wakazi sitini, wakafurahi wakidhani wanaongezewa nguvu. Wakaletewa wanafunzi kumi, na Kijiko ndiye aliyepewa kuwafundisha. Miezi mitatu aliwaonyesha namna ya kumgeuza mtu bila kumburuta kama gunia, namna ya kumsafisha bila kumwaibisha. Binti mmoja mrefu alizimia alipoona kidonda cha mgongo kwa mara ya kwanza. Kijiko akampepea, akambembeleza, na tangu hapo binti akawa anamwita shangazi.

Siku ya kutoa vyeti, Kijiko hakuitwa. Msimamizi alimvuta ofisini, akafunga mlango, akamweleza kwamba sasa asiye na cheti cha sekondari haruhusiwi kumgusa mkazi. Wahudumu wote wa zamani walikuwa kundi hilo.

"Lakini waliopewa vyeti nimewafundisha mimi."

"Najua, dada. Mimi nimeletewa tu."

Wenzake watano waliachishwa. Yeye wakamtupa chumba cha kufulia. Kabla ya mwezi kwisha, wahitimu saba kati ya kumi walikuwa wameshakimbilia hospitali kubwa. Wakabaki watatu, kila mmoja na watu ishirini.

Kwa madoa ya mashuka tu Kijiko alijua nani hakugeuzwa na nani alikaa na mkojo mpaka asubuhi. Alipokwenda kusema, msimamizi akamwambia ashughulike na sabuni zake.

Mchana mmoja yule binti mrefu alimlisha fundi saa akiwa amelala chali, mara akageuka kumdaka bibi aliyekuwa akiporomoka kitini. Chakula kikaingia njia ya hewa. Mapafu yakaoza, na siku ya tisa fundi akafariki.

Ikaundwa kamati. Mwenyekiti wake akamwita Kijiko, akamuuliza kama ndiye aliyemfundisha binti kumlisha mtu akiwa amelala.

"Hapana," akajibu. "Nilimfundisha dakika arobaini kwa mtu mmoja. Nyinyi mkampa dakika tatu."

Katibu aliacha kuandika. Ripoti ilipotoka ilisema ni uzembe wa mhudumu, na jumba bovu lote likamwangukia binti.

Alikuja chumba cha kufulia kuaga. "Shangazi, nilimwona akibadilika rangi, na mikono yangu imemshika mwingine."

Kijiko alijua hana kosa. Alitaka kumwambia hivyo, ulimi ukagoma. Fundi alikuwa mgonjwa wake, ndiye aliyempa jina. Akaendelea kukunja shuka mpaka binti akatoka.

Baada ya wiki msimamizi akamfuata. Kulikuwa na wanafunzi wengine kumi, akamwomba awafundishe, ila kwa kutumia mdoli mkubwa wa plastiki, maana wakazi bado haruhusiwi kuwagusa. Kijiko akauliza wakimaliza kila mmoja atapewa watu wangapi. Akajibiwa hilo halimhusu.

"Basi sitafundisha."

Msimamizi akamkumbusha kwamba hata kufua ni ajira. Akasema anajua. Mwisho wa mwezi aliachishwa. Wale kumi wakafundishwa na mtu mwingine.

Siku hizi anafua nguo za watu majumbani. Kukataa hakumsumbui hata kidogo. Kinachomuuma ni yule binti. Amemtafuta kwa jamaa zake, kwa rafiki zake, na hakuna anayejua alikokwenda.