Chekechea ya Bonde la Baadaye

Katika nchi ya Fahari, iliyojigamba mbele ya majirani kwamba haimbagui mtu, watoto wa Mlima Neema walianza kufunzwa herufi na nyimbo wakiwa bado wananyonya vidole, ilhali wale wa Bonde la Baadaye, lililoitwa hivyo kwa jibu walilopewa wakazi wake kila walipoomba kitu, walisubiri mpaka meno ya utoto yang'oke. Malkia Insafu alipotawazwa, aliamuru ijengwe chekechea kwa mali ya hazina, iwe ya watoto wote, bila ada. Waziri Ghururi akaijenga kwa marumaru, kileleni, jirani na kasri lake.

Watoto wa bondeni walifika wamelowa umande, wakasinzia darasani. Waziri akamwambia Malkia barazani, "Mlango tumewafungulia sawasawa, Mtukufu. Akili hatuwezi kuwagawia."

Mwanasubira, mama wa bondeni aliyempandisha binti yake Shauku mgongoni, aliyasikia maneno hayo, akaghadhibika. "Mheshimiwa, mwanangu akili anazo. Ana njaa na usingizi. Kesho alfajiri tembea nasi, kisha uulizwe maswali wewe."

Malkia akatabasamu. "Shauri jema. Waziri atakwenda."

Kesho yake Ghururi alipanda mlima bila kifungua kinywa, joho likinasa miibani, huku Shauku akimtajia kila ndege aliyelia. Barazani, Malkia alimtaka aeleze sheria aliyoitunga mwenyewe. Akafungua kinywa, akapiga mwayo. Akaomba kuketi kidogo atafakari, akakoroma.

Alipozinduka, Mwanasubira alikuwa amemwekea bakuli la uji. Akanywa lote, akafuta ndevu. "Nilidhani mlango ukishakuwa wazi, kazi imekwisha."

"Ndiyo kwanza inaanza, baba," akajibiwa.

Basi chekechea nyingine ikajengwa bondeni kwa matofali ya udongo, jiko likitangulia ubao, na walimu mahiri kuliko wote wakateremshwa huko, Waziri mwenyewe akisimamia. Wazazi wa Neema walinung'unika, hata watoto wao waliposikia habari za nyimbo zilizoandaliwa kule wakalilia kupelekwa.

Siku ya ufunguzi Mwanasubira alisimama dirishani, asijue mikono aiweke wapi. Ndani, Shauku na mtoto wa mlimani walikuwa wakigombea ng'ombe wa udongo. Binti akamwona mamaye, akampungia.

"Nenda, mama. Tunasoma."