Kutoka Katikati ya Mama

Kazi yangu ni kujenga mtambo ambao haupo. Mtambo wenyewe, wa kunasia chembe ndogo kuliko vumbi, utajengwa baadaye kwa chuma. Mimi naujenga kwanza ndani ya kompyuta, umbo ndani ya umbo. Ukumbi, ndani yake bomba, ndani ya bomba kipande cha kioo. Umbo la nje tunaliita mama, la ndani mtoto. Majina hayo sikuyatunga mimi, na wiki ile niliyachukia.

Wiki ile kaka yangu alipiga simu. Jumamosi Mama anahamia kwake, mji mwingine. "Na wewe chumba chako kipo, jirani na cha Mama," alisema, kana kwamba alishaniuliza. Mimi ni kitinda mimba na sina mume, kwa hiyo nahesabiwa kwenye mizigo ya Mama, pamoja na birika lake. Kazi yangu hakuna aliyeitaja. Nami, ambaye kazini najulikana kwa mdomo, nikasema, "Sawa, kaka."

Huko kazini nako mambo yakakwama. Kila nikirusha chembe, inanasa kwenye ukuta wa bomba, inatetemeka palepale, haiendi mbele wala hairudi nyuma. Niliitazama mpaka nikaionea huruma. Bosi wetu, tunayemwita Futikamba, akainamia skrini.

"Kioo chako kimetoboa bomba. Umepima kutoka wapi?"

"Katikati ya ukumbi."

"Tena? Dada yangu, mtoto hana habari na ukumbi. Anapimwa kutoka katikati ya mama yake."

Nikapima upya, kioo kikakaa mahali pake. Futikamba akalisogeza bomba hadi pembeni kabisa, na kioo kikaenda nalo, namba zake hazikuguswa hata moja. "Unaona raha hiyo?" akacheka. "Huna hata haja ya kumshika!"

"Na nikitaka mama asogee, mtoto abaki?"

"Basi umtoe kwanza, umweke ukumbini peke yake. Usipomtoa, mwenyewe hatoki huyo."

Niliaga mapema.

Nyumbani, sanduku kubwa la Mama lilikuwa wazi kitandani. Ndani yake, katikati ya nguo zake, lilikaa sanduku langu dogo, limeshafungwa.

"Nimekurahisishia," alisema.

"Mama, mimi siendi."

"Kaka yako ameshapaka chumba rangi."

"Siendi, Mama. Nabaki na kazi yangu."

Nikainama, nikalivuta sanduku langu. Lilikuwa limebana kwelikweli. Likatoka na gauni lake moja, nikalikunja, nikamrudishia bila kumtazama usoni. Katikati ya vitu vyake pakabaki shimo, ukubwa ule ule wa sanduku langu. Mama aliliangalia kwa muda mrefu, nami nikawa tayari kurudisha kila kitu.

"Nipe lile sweta lako la kijivu nipajaze hapa," alisema. "Vitu vyangu vitacheza njiani."