Injini Aliyoiacha Wazi

Yule mwoka mikate watu walimwita Boflo, yaani mkate, na jina likamkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kwa unga na hamira hakuwa na mpinzani mtaani, ila mbele ya chuma alikuwa bure kabisa. Akipiga msumari, unapinda. Akikaza bawaba, mlango unang'oka. Kwa hiyo siku alipomwambia mkewe kwamba amenunua gari bovu la mjane wa mtaa wa nyuma, na kwamba injini ataifufua mwenyewe, mke alicheka hadi akashika ukuta.

"Wewe? Wewe uliyeshindwa na kitasa cha choo?"

"Nitajifunza. Kaka yako atanionyesha."

Gari lilikuwa la zamani, la mviringo kama kobe, limekaa juu ya matofali ndani ya banda uani kwa mjane. Injini yake ilikuwa ya zile rahisi, ukifunua boneti unaona kila kitu na nafasi ya kupitisha mkono inabaki. Marehemu mume wa mjane alikuwa ameifungua nusu. Akasema anapumzika kidogo kwenye kiti cha banda, na hakuamka tena. Mjane alimuuzia Boflo kwa sharti moja tu: gari litoke bandani kwa miguu yake lenyewe.

"Sitaki kuliona likikokotwa kama maiti," alisema. Yeye mwenyewe hakuwa amekanyaga bandani tangu msiba.

Shemeji mtu, makanika wa mabasi, alikuja kila Jumapili. Alimfundisha Boflo kuosha vipande kwa mafuta ya taa, kuweka boliti za kila sehemu katika kopo lake, na kupanga pistoni kwa mfuatano wa silinda zake. Boflo alivunja ringi mbili za pistoni. Alijichuna vidole. Gasketi aliigeuza chini juu.

"Huu si unga, shemeji, usiukande!" makanika alikuwa akimwambia. "Chuma ukikilazimisha kinakulipiza."

Walicheka sana siku zile, na huenda ndiyo maana hawakuona mapema kilichokuwa kinaingia.

Jumapili moja makanika alichelewa. Alipofika alimkuta Boflo ameshasaga vali zote nazo zimekaa mahali pake, safi kama za kiwandani. Alikuwa anakaza nati, na spana ilikuwa katika mkono wa kushoto, yeye ambaye siku zote hushika kwa kulia.

"Nani kakufundisha hivi?"

"Si wewe?"

"Mimi sijafika huko, shemeji."

Boflo aliikaza nati ya mwisho. Alinyoosha mkono nyuma ya rafu bila kutazama, akaupenyeza kwenye tundu la ukuta, akatoa kipimo chembamba cha chuma kilichofungwa kwa kitambaa chenye mafuta. Makanika alilitazama lile tundu. Lilifichwa na rafu na vumbi, na mtu aliyesimama pale hangeweza kuliona.

"Umejuaje kuna kitu humo?"

Ndipo Boflo alipoutazama mkono wake kama mtu anayemtazama mgeni aliyeingia bila hodi. "Sijui," alisema. "Ulikwenda wenyewe."

Tangu siku hiyo kazi ilikimbia, lakini kwenye tanuri mambo yaliharibika. Asubuhi moja Boflo aliingiza mikono kwenye donge la unga, akakwama. Hakujua la kufanya. Alibonyeza huku, akavuta kule, na unga ukamganda hadi kwenye viwiko kama tope. Mikate ilitoka migumu, wateja wakaguna. Hakumwambia mtu. Alinawa, akatoka, na miguu ikampeleka bandani. Pale, alipogusa tu spana, hofu ilimtoka. Mikono ilikuwa na furaha. Hilo ndilo lililomtisha zaidi, kwamba furaha ile haikuwa yake.

Mchana mkewe alimfuata. Alimkuta ameinama juu ya injini, anafuta pistoni moja moja.

"Kijiko," Boflo alisema bila kugeuka, "nipe kitambaa."

Mke hakuelewa. Alikwenda jikoni kwa mjane, akaomba kijiko na kitambaa, akarudi navyo vyote viwili. Boflo alikishika kile kijiko, akakigeuzageuza.

"Hiki cha nini?"

"Si umeomba kijiko?"

"Nimekuita wewe. Kijiko." Kisha uso ukamwiva. "Kwa nini nimekuita hivyo?"

Mke alirudi jikoni mbio. "Mama, naomba uniambie. Kijiko ni nani?"

Mjane alikuwa anapakua chakula. Upawa ulimponyoka.

"Nani amekutajia jina hilo?"

"Mume wangu. Ameniita mimi."

Mjane alikaa kwenye kigoda. "Ni mimi," alisema. "Nilipoolewa nilikuwa mwembamba, kichwa kikubwa. Akaniita Kijiko, ila tukiwa wawili tu. Watoto wangu mwenyewe hawalijui." Alifuta macho kwa pembe ya kanga. "Anashika kwa mkono gani, mwanangu?"

"Wa kushoto."

Mjane aliinuka. Alimalizia kupakua, akachukua sahani kwa mikono miwili, akavuka ua. Mlangoni mwa banda alisita kidogo, halafu akaingia. Boflo hakuinua kichwa. Mjane aliiweka sahani kwenye meza ya kazi, katikati ya makopo ya boliti.

"Baba," alisema, kwa sauti ya mwanamke aliyemwita mumewe hivyo maisha yake yote. "Acha sasa. Njoo ule. Chakula kinapoa."

Spana ilisimama.

"Siku ile ya mwisho nilikuita chakulani mara moja tu, hukuja, nikaudhika, nikala peke yangu. Sikujua kwamba umeshakwenda. Leo nimekuletea mwenyewe. Mwachie mwenzio kazi yake, uje."

Mikono ya Boflo iliiweka spana chini taratibu. Ilichukua kitambaa, ikajifuta, kidole hiki na hiki, hadi kidole gumba cha mwisho. Akaketi kwenye kile kiti cha marehemu, akala kwa kushoto. Mkewe alisimama mlangoni akijiuma ngumi. Sahani ilipokwisha, Boflo alishusha pumzi ndefu mno kwa kifua kimoja, na kichwa kikamwangukia. Mke alipiga yowe.

Boflo aliamka. "Kuna nini? Nani amekula hapa?" Alikuwa anasikia njaa.

Injini ilikuwa imebaki nusu, na hakukumbuka hata boliti moja ilikwenda wapi. Mkewe alitaka ichomwe pamoja na banda. Makanika alikuna kichwa. Lakini Boflo alisema, "Tuifungue yote. Tuanze upya, kwa mikono hii isiyojua." Hapo mke hakucheka. Alivuta kigoda akaketi, na kila Jumapili alikuwepo, akiangalia mume wake anashika kwa mkono gani.

Msimu mzima ulipita. Vidole vilichunika tena, ringi nyingine ikavunjika, na kwenye tanuri mikate ilirudia kuumuka. Hatimaye siku ikafika Boflo alipozungusha ufunguo. Injini ilikohoa, ikatema moshi mweusi, ikawaka. Ilitetemeka, na ndani yake kitu kiligonga, ko, ko, ko.

"Vali moja imelegea," makanika alipiga kelele, akicheka. "Lakini ni yako, shemeji! Ni yako!"

Mjane alikuwa amekuja hadi mlangoni. Alisikiliza, kichwa kimeinama upande, kisha akatazama kile kiti kitupu na uso ukambadilika.

"Izimeni," alisema kwa sauti ya chini. "Izimeni upesi. Mume wangu akisikia inavyogonga hivyo, hatakaa huko aliko; atarudi kuitengeneza."

Boflo aliuzungusha ufunguo, injini ikazimika, na wote wanne wakabaki wamesimama, wakisikiliza.