Kiango cha Magitaa ya Viateur

Usumani wa Biryogo, mtaa mmoja wa Kigali, alikuwa seremala ambaye neno "sijui" halikuwahi kupita mdomoni mwake. Ungemuuliza kama amewahi kutengeneza jeneza la tembo, angekuuliza tembo wa kimo gani. Kwa hiyo siku Viateur, mpiga gitaa wa okesta ya harusi, alipoingia sebuleni kwake, ndiyo karakana yake, na kuuliza kama anaweza kuundiwa kiango cha kusimamishia magitaa, Usumani hakuinua hata kichwa kwenye randa yake.

"Hivyo nimevichonga mpaka nimechoka," alisema. "Kimoja kiko Bujumbura. Kingine kiko kwa askofu mmoja kule Zaire."

"Askofu na gitaa, mzee?"

"Askofu si mtu? Wewe niambie una magitaa mangapi."

Alikuwa nayo sita. Okesta ilikuwa inayaegemeza ukutani, na kila mlevi aliyepita akitafuta choo aliyaangusha yote kwa mpigo mmoja. Viateur alitaka yasimame mstari mmoja na yafungwe pamoja kwa kufuli, maana kwenye harusi za Kigali wezi nao huja wamevaa tai.

Ukweli ni kwamba tangu azaliwe Usumani hakuwahi kuona kiango cha gitaa. Alikaa juu ya gogo akikuna ndevu, kichwa kimegoma kabisa. Lakini mikono ya fundi ina kumbukumbu yake yenyewe. Ujanani aliwahi kufanya kazi kwa Mbelgiji mmoja aliyekuwa akitengeneza samani za kambi ya jeshi, na huko alichonga viango vya bunduki vingi mno, hata angeweza kuchonga kimoja huku anakoroma. Mikono ikasema: ndicho hiki. Usumani akasema: nilijua. Chenye shingo ni chenye shingo.

Akapasua libuyu, ile mbao nyekundu ya kutoka Zaire inayotafuna misumeno kama muwa. Akapima shingo ya gitaa kwa kamba, akatoboa mapengo sita kwenye ubao wa juu, akayabandika vipande vya blanketi ili yasikwaruze. Juu ya mapengo akapitisha nondo ya kuyafunga yote, na mwisho wa nondo akaweka tundu la kufuli. Rangi aliyokuwa nayo ilikuwa ni kijani tu. Akaipaka yote.

Viateur alikuja Jumapili na kufuli yake mwenyewe, ya zile zinazojifunga ukizibana, akaining'iniza ikiwa wazi na ufunguo akaurudisha mfukoni. Gitaa la kwanza likaingia vizuri. La pili likagoma. Shingo ilikuwa inafika, ila kiuno kiligongana na kiuno cha mwenzake.

"Mzee Usumani! Umepima shingo ukasahau makalio!"

Kichochoro kizima kilicheka. Mukantwari, jirani wa ng'ambo ya ua, alining'iniza kidevu juu ya mabati na kuuliza ni mwanamume gani huyo asiyejua kuyapima makalio, na mkewe, Mama Sefu, aliona nini cha kumvumilia. Usumani alijibu kwamba huo ni mtindo wa Brussels, magitaa ya huko ni membamba, lakini hata yeye alijua safari hii uongo umekosa miguu. Viateur akayabeba magitaa yake kwenda kupiga kwenye harusi mjini Gitarama, ufunguo mfukoni, na kiango kikabaki kinangoja kuchongwa upya.

Hiyo ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Septemba, mwaka wa tisini. Kesho yake habari zikafika kwamba vita vimeingia kutoka mpaka wa Uganda.

Usiku wa kuamkia Ijumaa ile risasi zililia Kigali mpaka alfajiri. Usumani na mkewe walilala chini ya kitanda, na kitanda chenyewe, wallahi, kilikuwa kinatetemeka kuliko wao. Kulipokucha risasi zilinyamaza, na huo ukimya ukawa mbaya zaidi. Redio ilisema kila mtu abaki nyumbani kwake. Hakuna muuza maziwa, hakuna adhana. Ungeweza kusikia inzi akibadilisha ukuta.

"Baba Sefu!" Ni Mukantwari, safari hii anaongea kwa pumzi tu kupitia tundu la mabati. "Wanapekua nyumba kwa nyumba. Karangwa fundi cherehani wamempakia kwenye lori."

"Karangwa kafanya nini?"

"Wamekuta waya wa redio juu ya paa lake. Wanasema anaongea na inkotanyi, hao walioingia kutoka Uganda. Icyitso, wanasema. Adui wa ndani. Toeni kila kitu chenye sura mbaya!"

Usumani akageuka kutazama ni kitu gani nyumbani kwake chenye sura mbaya. Sebuleni, ukutani, kilisimama kiango. Mapengo sita. Nondo. Kufuli. Kijani.

Ilikuwa mara ya kwanza kukiona kwa macho ya mtu mwingine. Kiango kitupu cha bunduki. Na kiango kikiwa kitupu, swali la kwanza la askari yeyote ni moja tu: ziko wapi?

"Tukichome," alisema.

"Moshi asubuhi hii? Watakuja mbio kama nzige," alisema Mama Sefu.

"Nikikate."

"Mji umenyamaza hivi, msumeno wako utasikika mpaka kilimani Rebero."

"Basi tukitupe nje."

Walijaribu kukiinua. Usumani alikuwa amekitengeneza kibebe magitaa sita na uzito wa jina lake, na hakikunyanyuka hata kidole. Mwishowe Mama Sefu alivua shuka kitandani, akalirusha juu ya kiango, kisha akatundika hapo makoti, mikoba na mwamvuli, mpaka kikafanana na mzee aliyevaa nguo zake zote kwa kuogopa wezi.

Buti zikasikika kichochoroni. Kisha kitako cha bunduki mlangoni.

Aliingia sajenti mmoja, peke yake. Wenzake walikuwa wameingia kwa Mukantwari, na nje kwenye njia luteni wao alikuwa anapiga kelele kwa Kifaransa. Sajenti alikuwa na macho mekundu ya mtu ambaye hajalala. Akafungua kabati, akapindua godoro, akachungulia ndani ya mtungi wa maji. Usumani alisimama mikono juu, akisoma kimoyomoyo kila aya aliyoijua, na alizojua nusu alizimalizia mwenyewe.

Sajenti akafika kwenye lile rundo la makoti. Akavuta shuka.

Akayahesabu mapengo kwa kidole.

"Hii iko kitu gani?"

"Kiango cha magitaa, shefu."

"Magitaa iko wapi?"

"Hayakuingia, shefu."

"Sababu gani haikuingia?"

Hapo Usumani, ambaye aliwahi kujisifu kwamba nyumba aliyoijenga yeye hata tetemeko huipitia mbali, alisema maneno ambayo hakuwahi kuyasema maishani. "Nilikosea. Mimi ni fundi mbaya, shefu. Nilipima shingo nikasahau kiuno. Waulize majirani wote, walinicheka."

"Ni kweli," alisema Mama Sefu. "Ni fundi mbaya sana."

"Nyamaza, mama! Mimi nalala karibu na kitu kama hii kila siku, kambini. Munaniona mjinga?" Sajenti alikuwa anatetemeka kwa hasira, au kwa usingizi. "Angalia. Angalia vizuri!"

Akashusha bunduki yake begani, akaisimamisha kwenye pengo la kwanza. Iliingia kama kidole kwenye pete. Akashusha nondo. Nondo ikakaa. Akaishika kufuli, akaibana.

Ta!

"Iko gitaa, hii?" alisema, kifua mbele. "Sasa utamwambia luteni mahali umeficha zingine. Fungua."

Usumani aliitazama kufuli, akaukumbuka mfuko wa Viateur.

"Fungua, nasema!"

"Ufunguo hauko hapa, shefu. Uko kwa mwenye magitaa. Yuko Gitarama."

Sajenti aliivuta bunduki. Bunduki haikutoka. Akaivuta kwa mikono miwili, mguu mmoja ukutani, na kiango chote kikaguna lakini hakikumwachia. Pengo lilitengenezwa liishike shingo isianguke hata mlevi akipita, na liliishika. Usumani alimwona akigeuka rangi. Wakati huohuo sauti ikaita kutoka nje:

"Sergent Sibomana! Bado?"

"Naja, mon lieutenant!"

Wakatazamana. Usumani alikuwa ameogopa tangu usiku, na akadhani anazijua hofu zote. Hakujua hii, ya kuiona hofu yake ndani ya macho ya mtu aliyekuja kumkamata. Askari asiye na bunduki, siku kama ile, ndani ya nyumba anayoipekua: atasema alimpa nani? Nje kulikuwa na lori, na lori halikuwa linauliza mtu cheo chake.

"Unafikiri ataniamini?" Sajenti alinong'ona. "Atasema nimekuletea. Kata. Kata hii mbao, haraka!"

"Itasikika, shefu."

"Kata!"

Mama Sefu hakungoja kuambiwa. Alikivuta kinu katikati ya chumba, akashika mchi na kuanza kutwanga. Hakukuwa na kisamvu wala chembe ya mahindi. Alitwanga kinu kitupu kana kwamba ana wageni hamsini. Chini ya kishindo hicho Usumani akashika msumeno. Mikono iliyokijua kiango kwa kumbukumbu sasa haikujua hata upande wa meno. Sajenti akapiga goti kushika ubao, na jasho lake likadondoka juu ya jasho la Usumani. Libuyu ilikuwa ngumu kama alivyozoea kuwasifia wateja, na kwa mara ya kwanza alitamani kwamba angekuwa amedanganya.

"Sergent! Nani anatwanga huko?"

"Iko mama mmoja, mon lieutenant! Anapika!"

"Leo?"

Mchi ukakwama hewani. Msumeno ukasimama. Buti za luteni zikakaribia hatua chache juu ya changarawe, zikasimama nazo. Kwa Mukantwari kitu cha kauri kilivunjika, mtu akapiga ukelele, na buti zikageuka kuelekea huko. Usumani alimshukuru Mungu, kisha akaona haya kwa alichokishukuria.

Ubao ukapasuka. Sajenti aliinyakua bunduki pamoja na kipande cha blanketi kilichong'ang'ania mtutu, akakipangusa kwa mkono wa shati. Mlangoni aligeuka. Usumani alidhani atapigwa risasi. Yeye na mkewe ndio walioiona aibu ile.

"Hiyo yote," alisema sajenti kwa sauti ndogo. "Maliza kukata yote. Mimi sikuingia hapa na wewe hukuniona."

Kisha nje, kwa sauti kubwa: "Hakuna kitu, mon lieutenant! Kuni tu!"

Walisikia lori likiwaka. Walisikia mlango wake ukibamizwa na mtu akiita jina la mama yake. Usumani hakuthubutu kuchungulia ni nani. Aliinama akaendelea kukata, kwa sababu msumeno ukinyamaza huenda yule luteni akarudi kuuliza kilichokuwa kinakatwa kilikuwa nini. Mama Sefu naye akaendelea kutwanga, kwa sababu hiyohiyo. Ubao ukawa vijiti, vijiti vikawa vijiti vya kuchokolea meno, na bado alikata.

Jua lilikuwa limepanda sana Mukantwari alipokuja kwenye tundu la mabati. Walimchukulia redio tu, alisema, na kuvunja sahani za mahari ya mama yake. Sauti yake ilikuwa imekwisha.

"Mama Sefu, mimi na watoto hatujala. Hicho unachotwanga tangu asubuhi, tupunguzie."

Mama Sefu alitazama ndani ya kinu.

"Bado hakijalainika, dada," alisema, na akainua mchi tena.