Saa Sita Hakugeuzwa

Bi Mwanamkisi aliletwa hospitali kutoka Siyu siku ya pili ya Ramadhani, mwaka wa 1954, akiwa amelazwa juu ya mlango. Ndugu zake walikuwa wameung'oa mlango wa jikoni, wakamfunga juu yake kwa kanga, wakamchukua hivyo hadi chomboni na kutoka chomboni hadi Amu, yaani mjini Lamu. Mvua za masika zilikuwa zimelowesha ukuta wa nyumba moja ya kale, ukamwangukia mgongoni alipokuwa akifungua mbuzi. Kuanzia kiunoni kwenda chini hakuwa na hisia. Ukimfinya dole gumba la mguu alikutazama tu, akangoja umwambie umefanya nini.

Aliyempokea alikuwa msimamizi wa wodi ya wanawake, Saadiya binti Hamdun. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na katika mtaa wao hakukuwa na msichana mwingine aliyewahi kupelekwa Mombasa kusomea uuguzi. Babake alikuwa amesemwa sana kwa kumruhusu. Kwa hiyo Saadiya alipovaa nguo nyeupe za kazi, chini ya buibui lake, alijiona amebeba heshima ya mzee wake pamoja na yake mwenyewe.

Bwana Kamaludin, msaidizi wa daktari, ndiye aliyeendesha hospitali siku zote ambazo daktari hakuwapo, na daktari alikuja kutoka Mombasa mara moja kwa mwezi. Alimkagua Bi Mwanamkisi kwa muda mrefu, kisha akamwita Saadiya kando.

"Mfupa wa mgongo hatuna la kuufanya hapa," alisema. "Lakini ngozi yake ni amana yetu. Mtu asiyehisi hajigeuzi, na asiyejigeuza huoza yu hai. Kila saa mbili mumgeuze. Ubavu wa kulia, chali, ubavu wa kushoto. Shuka isiwe na kunyanzi. Akilowa, aoshwe papo hapo. Visigino vipumzike hewani, mto uwe chini ya miguu."

Akatundika karatasi kitandani, upande wa miguu. Kila akigeuzwa, aliyemgeuza aandike.

Mchana kazi hiyo ilikuwa ya Saadiya, akisaidiwa na mwanamke wa kufua nguo. Usiku ilikuwa ya Umi, mjane kutoka Mbwajumali aliyekuwa amefanya kazi ya uyaya, ya kuwahudumia wagonjwa hospitalini, tangu Saadiya akiwa mtoto. Umi hakujua kusoma. Bwana Kamaludin alimwambia atie kijistari kila anapomgeuza mgonjwa, naye alitia alipokumbuka. Mara nyingi mikono yake ilikuwa na maji ya sabuni, kalamu akaisahau.

Siku nne za kwanza Saadiya alifanya alivyoagizwa. Bi Mwanamkisi alikuwa mgonjwa wa kupendeza. Alisuka ukili kifuani pake huku amelala, akawachekesha wagonjwa wenzake kwa habari za wakwe zake, na yeye alimwita kila mtu mwanangu. Lakini kugeuzwa kulimtesa. Miguu haikuwa na hisia, ila mahali mgongo ulipovunjika palikuwa na maumivu makali, na kila alipoinuliwa alipiga ukelele, kisha akaona haya kwa ukelele wake.

Siku ya tano, saa sita mchana, mwanamke wa kufua alikuwa amekwenda kwake kuandaa futari. Saadiya alikuwa peke yake. Joto la baada ya mvua lilikuwa limejaa wodini, na koo lake lilikuwa kavu kwa saumu. Aliinama, akatia mkono chini ya bega la mgonjwa.

"Mwanangu, niate," Bi Mwanamkisi alisema, akamshika mkono. "Niate kidogo tu. Ndiyo kwanza maumivu yametulia. Wallahi sikuombi tena."

Saadiya alisimama akimtazama. Mato ya yule mama, kama wasemavyo Waamu, yalikuwa yamejaa machozi.

"Haya, Bi. Pumzika kidogo."

"Mola akupe kheri. Wewe una huruma."

Saadiya akaenda kuketi penye dirisha, mahali palipokuwa na upepo. Alikusudia kurudi baada ya nusu saa. Hakurudi. Saa nane alisema atamgeuza saa kumi, mwanamke wa kufua akirudi. Na kabla ya saa kumi aliichukua kalamu, kwa maana karatasi ilikuwa na mapengo mawili na Bwana Kamaludin alipenda kupita jioni. Akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa Mombasa: saa sita, kushoto. Saa nane, kulia.

Kesho yake hakungoja kuombwa. Alipita kitandani saa sita, wakatazamana yeye na mgonjwa, wakatabasamu kama watu wawili wenye siri, akapita. Ikawa desturi. Kutoka saa nne hadi saa kumi Bi Mwanamkisi alilala chali, kila siku, na kila siku karatasi ilisema kwamba amegeuzwa mara mbili katikati. Saadiya alijiambia kwamba ni huruma. Alikuwa amefunga, anaswali vipindi vyake, na alasiri alisoma juzuu yake. Uongo wa kalamu ile hakuuhesabu.

Siku ya kumi na mbili alipokuwa akimwosha aliona alama nyekundu chini ya kiuno, pale mfupa wa mkia unapokaribia ngozi. Aliibonyeza kwa kidole. Ngozi iliyo salama ukiibonyeza hugeuka nyeupe, kisha wekundu hurudi. Hii haikubadilika. Saadiya alijua maana yake. Alikuwa amefundishwa na kuulizwa katika mtihani, na akajibu vizuri. Akapaka spiriti, akatia poda nyingi, akajiambia ni joto. Siku mbili baadaye pale palikuwa na rangi ya zambarau. Akatia poda zaidi.

Hata hapo hakumgeuza saa sita. Hili ndilo jambo ambalo baadaye hakuweza kujieleza. Aliogopa kwamba akianza sasa, Bi Mwanamkisi atauliza kwa nini.

Siku ya kumi na sita asubuhi Bwana Kamaludin aliingia wodini, akasimama ghafla, akanusa. Alikuja kitandani moja kwa moja.

"Mlaze ubavu," alisema.

Umi, aliyekuwa akimaliza zamu, alimshika mgonjwa begani na Saadiya akamshika nyonga. Ngozi ilikuwa imefunguka. Palikuwa na shimo ambalo yai la kuku lingeweza kukaa ndani yake, na kingo zake zilikuwa nyeusi.

Bi Mwanamkisi alikuwa ameelekea ukutani. "Kuna nini huko nyuma?" aliuliza. "Mbona mumenyamaza?"

Bwana Kamaludin aliitungua karatasi, akaisoma mstari kwa mstari. Mchana ulikuwa umejaa. Usiku ulikuwa na vijistari vitatu hapa, viwili pale, na siku moja hapakuwa na kitu.

"Umi," alisema, "usiku mmoja hukumgusa kabisa?"

"Nimemgusa, Bwana. Kila usiku. Huamka mara nne, mara tano. Mwulize mwenyewe."

"Nimwulize mgonjwa ahesabu saa za usiku? Karatasi yasema."

"Hiyo karatasi siijui, Bwana. Mimi namjua mgonjwa."

Umi akamtazama Saadiya. Hakumtazama kwa kumshuku. Alimtazama kama mtu anayengoja mwenzake amshuhudie. Saadiya alikuwa bado ameshika nyonga ya Bi Mwanamkisi. Neno lilikuwa ulimini, fupi tu. Akaiangalia shuka, akainyoosha kunyanzi.

Umi aliambiwa asirudi.

Tangu siku hiyo Saadiya alimgeuza Bi Mwanamkisi kila saa mbili bila kukosa, hata mgonjwa alipolia. Mara mbili kwa siku aliosha kidonda kwa maji ya chumvi, akakata nyama iliyokufa kwa mkasi, akakijaza shashi. Homa ilipanda, zikaanza sindano za penisilini. Jioni alikaa mbele ya futari na asiweze kumeza tende ya kwanza. Mamake alidhani ni uchovu wa saumu, akampikia uji wa pilipili manga. Saadiya alikunywa ili asiulizwe.

Siku ya ishirini na nne, adhuhuri, Umi alikuja wodini kurudisha aproni za hospitali, amezifua na kuzikunja. Aliomba amwone Bi Mwanamkisi. Walisalimiana, wakaulizana hali, na huku wakizungumza mkono wa Umi ulikwenda wenyewe chini ya shuka. Ukapapasa visigino, ukausogeza mto kidogo, ukakung'uta makombo ya mkate wa mgonjwa wa jirani yaliyorukia kitandani. Alifanya hayo bila kutazama.

"Visigino vi sawa," alimwambia Saadiya kwa sauti ya kawaida. Kisha akavuta buibui lake akatoka.

Saadiya akaenda ofisini kwa Bwana Kamaludin. Alisimama mlangoni.

"Bwana, si Umi. Ni mimi. Saa sita na saa nane nilikuwa simgeuzi. Niliandika tu."

Bwana Kamaludin aliweka kalamu chini. "Siku ngapi?"

"Kumi na moja."

Bwana Kamaludin alitazama mlangoni. Kisha akasema jambo ambalo Saadiya hakulitarajia. "Funga mlango. Wewe ndiwe mwanamke pekee niliye naye aliyesoma. Daktari akisikia, atakuondoa, na hii wodi ntampa nani? Umi ashakwenda. Tubu kwa Mola wako, fanya kazi yako."

Kwa kitambo kidogo Saadiya aliuona mlango wa kutokea, na akautamani. "Haki hii si ya Mola peke yake," alisema. "Ni ya Umi. Ukinyamaza, Bwana, mimi ntamwambia daktari mwenyewe."

Daktari alipokuja alimwandikia Saadiya onyo, akamwondolea usimamizi wa wodi kwa mwaka mzima. Umi akaitwa arudi. Lakini kabla ya hayo Saadiya alikwenda kwake, mtaa wa Langoni, akamkuta akipepeta mchele, akamweleza yote. Umi aliendelea kupepeta mpaka akamaliza.

"Kusahau ni kwa binadamu," alisema. "Kuchoka pia. Lakini wewe ulisimama mbele yangu, ukanyamaza. Nenda, mwanangu. Sina neno la kukupa leo."

Kwa Bi Mwanamkisi ilikuwa vigumu zaidi, kwa sababu alimsamehe upesi.

"Ni mimi niliyekuomba uniate," alisema. "Ulinihurumia. Dhambi i wapi?"

Saadiya angeweza kuishia hapo. "Siku ya kwanza nilikuhurumia, Bi," alisema. "Siku zilizobaki nilichoka. Na alama niliiona mapema, nikaifunika poda."

Bi Mwanamkisi aliacha kusuka. Alimtazama kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama, kama mtu aliyemkuta mgeni ndani ya nyumba yake. Siku tatu hakumwita mwanangu. Ilipofika saa ya kugeuzwa alisema, "Haya, nigeuze," akauma ukili kwa meno ili asipige ukelele.

Idi ikapita. Umi na Saadiya wakafanya kazi pamoja kila walipopokezana zamu, mmoja begani, mmoja kwenye nyonga, wakihesabu moja, mbili, tatu, na zaidi ya hesabu hiyo hawakusemezana. Nyama nyekundu ilianza kupanda kutoka chini ya kidonda, kidogo kidogo, kama mchanga unaojaza nyayo. Kilichukua miezi mitano kufunga. Radhiya, bintiye Bi Mwanamkisi, alikuja kutoka Siyu, na Saadiya akamfundisha kumgeuza mamake, kumwosha, kubonyeza ngozi na kuitazama. Alimfundisha kwa ukali mpaka Radhiya akalia.

"Ukimwona anatabasamu kwa kuachwa," alimwambia, "mgeuze."

Bi Mwanamkisi aliishi Siyu miaka sita zaidi, akisuka mikeka akiwa amelala, na ngozi yake haikufunguka tena. Saadiya alirudishiwa wodi yake. Wasichana waliomfuata katika kazi walimwona mkali kupita kiasi. Hakuwaruhusu kushika kalamu kabla ya kunyoosha shuka.

Umi alifanya kazi hadi macho yalipomwisha nguvu. Siku aliyoagwa, Saadiya alimsindikiza hadi Langoni, na barazani akamwomba radhi kwa mara nyingine. Umi aliketi, akavua viatu, akasugua nyayo zake.

"Mbele ya Mola nimekusamehe zamani," alisema. "Sitaki kukutana nawe huko tukidaiana. Lakini moyo wangu, Saadiya, ukikuona, bado wakumbuka ulivyoitazama ile shuka."

"Naam, Bi Umi," Saadiya alisema.

Akaingia ndani kumtekea maji ya kutawadha.