Homa Ilianza Jumanne

Imaculata Komba hakuwa mtu wa kukaa. Saa kumi na mbili asubuhi yuko misa, saa moja amefungua duka lake la ushonaji pale Bombambili, Songea, na kabla hajakata kitambaa cha kwanza ameshawasha redio. Mchana kutwa anashona sare za shule. Jioni yuko mazoezi ya kwaya, Jumamosi yuko kwenye jumuiya, na Jumapili baada ya misa ya pili utamkuta amejifunga kanga kiunoni akisimamia masufuria ya pilau kwenye kipaimara cha mtoto wa mtu. Paroko alikuwa na kawaida ya kumtaja mbele ya waumini.

"Tungekuwa na kumi kama Mama Tumsifu," alisema, "parokia hii ingekuwa mbali."

Watu walipiga makofi. Imaculata aliinamisha kichwa, nao wakaona ni unyenyekevu.

Tumsifu alikuwa binti yake, mtoto wa pekee, aliyempata baada ya miaka saba ya ndoa. Ilikuwa imepita miaka miwili tangu amzike.

Ilitokea Januari. Tumsifu alikuwa na miaka kumi, anaingia darasa la tano. Krismasi alikuwa amekula kwa bibi yake, mama mzazi wa baba yake, kijijini huko Mbinga, akarudi Songea siku ya Jumapili na mfuko wa maharage na hadithi zisizokwisha. Shule zilikuwa zinafunguliwa wiki iliyofuata, na dukani sare zilikuwa zimelundikana hadi mlangoni. Pankrasi, baba yake, alikuwa bwana kilimo Namtumbo. Kila wiki aliondoka Jumatatu alfajiri na kurudi Ijumaa.

Jumanne jioni Tumsifu alisema, "Mama, kichwa kinaniuma." Imaculata akampa Panadol. Jumatano mtoto alikataa uji. Akamfuata mama yake dukani, akajilaza juu ya robota la kitambaa chini ya meza ya kukatia.

"Mama, hospitali tunaenda lini?"

"Nikimaliza hizi sketi kumi na nne, mwanangu. Wanazifuata kesho asubuhi."

Jioni ile homa ilishuka kidogo, Imaculata akamshukuru Mungu. Alhamisi asubuhi Tumsifu aliuliza tena, akaambiwa asubiri kidogo tu, wenye sketi walikuwa njiani. Saa saba mchana alianza kutetemeka, macho yakageuka. Walimpakia kwenye bodaboda, yeye katikati, mama yake nyuma amemshikilia, na majirani wakafuata na nyingine mbili.

Hospitali daktari aliuliza, "Homa ilianza lini?"

Imaculata alifungua mdomo aseme Jumanne. Nyuma yake walisimama wanawake watatu wa jumuiya, wakihema, mmoja ameshika viatu vya Tumsifu.

"Leo," alisema. "Leo mchana. Ghafla."

Daktari alimtazama kidogo, kisha akageukia mtoto na kuendelea na kazi.

Pankrasi alifika Ijumaa mchana moja kwa moja kutoka Namtumbo, suruali ina vumbi hadi magotini. Tumsifu alifariki jioni ile baba yake akiwa amemshika mguu, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na sindano. Daktari alimweleza kwa upole kwamba malaria ile haikuanza jana. Ilikuwa imemkaa mwilini siku kadhaa.

Pankrasi akapiga hesabu ya siku. Mke wake amesema homa ilianza Alhamisi. Daktari anasema ni kabla ya hapo. Basi mtoto alitoka nayo Mbinga.

Siku ya tatu baada ya maziko alimwita mama yake nyuma ya nyumba. Bibi Emerensiana alikuwa mwanamke mfupi, mjane, anayelima mwenyewe ngoro zake, yale mashamba ya mashimo ya mlimani, na anayejua mizizi ya kutibu magonjwa mengi. Walianza kusemezana Kimatengo kwa sauti ya chini, kisha sauti zikapanda na Kiswahili kikaingia, naye Imaculata aliyekuwa jikoni akasikia kila neno.

"Mama, mtoto aliugua kwako. Ukamnywesha mizizi, ukanyamaza."

"Pankrasi mwanangu, mjukuu wangu aliondoka kwangu mzima. Alipanda gari anacheka. Muulize hata kondakta."

"Daktari hawezi kudanganya."

"Na mimi je?"

Imaculata alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi. Lilihitajika neno moja tu. Bibi Emerensiana alimwona, akamtazama kama mtu anayetafuta shahidi. Imaculata akageuka, akawauliza akina mama kama maji ya chai yamechemka.

Tangu hapo Pankrasi hakwenda tena Mbinga. Bibi alipiga simu. Kwa mwanawe simu haikupokelewa, basi akampigia mkamwana.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Ima. Nina neno moja tu la kukuuliza, mwanangu. Ukipata nafasi."

"Mama, nina wateja hapa. Nitakupigia."

Ilikuwa hivyo mwezi baada ya mwezi. Kila mara kulikuwa na wateja, au kwaya, au kikao, na kweli vilikuwepo, maana Imaculata alihakikisha vipo. Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, wakati wa kuchuma kahawa, Bibi Emerensiana alifariki. Pankrasi alisimama kaburini bila kutoa chozi.

Imaculata aliongeza kazi. Alikubali uenyekiti wa wanawake wa parokia, akakubali kushona mavazi ya kwaya mbili. Rozari aliisali haraka, shanga zikikimbizana, kwa sababu alikuwa ameshajua kinachotokea akinyamaza. Hata dakika mbili, mbele ya Ekaristi, kelele zikishatulia, lile swali linakuja. Homa ilianza lini? Mwanzoni lilikuja kwa sauti ya yule daktari. Baadaye halikuwa na sauti ya mtu yeyote.

Jirani yake dukani alikuwa Subira, mwanamke wa Tunduru, muuza vitambaa. Adhuhuri ikiingia, Subira alishusha pazia la duka, akaswali, kisha akabaki amekaa kwenye mkeka wake, kimya, kama robo saa. Wateja walisubiri au wakaondoka. Siku moja Imaculata alimtania kwamba biashara yake inakufa kwa uvivu.

Subira alicheka kidogo. "Dada Ima, usinichukie. Nimekaa na wewe hapa mwaka wa sita. Nimekusikia unamwimbia Mungu, nimekuona unawapikia watu wake. Ila sijawahi kukuona umekaa naye."

"Nani atashona?"

"Sijui," Subira alisema. "Ila nakuona kama mtu anayemkimbia mdai."

Imaculata alipandisha sauti ya redio. Siku mbili hakuongea na Subira.

Kwaresima ilipofika, wanawake wa parokia walikwenda mafungo ya siku moja kwenye nyumba ya masista, chini ya milima ya Matogoro. Kila mwaka Imaculata alifika wa kwanza na kuingia jikoni, na mafungo yote aliyasikia kupitia dirishani, kati ya kisu na ubao. Mwaka huo kulikuwa na mkuu mpya wa nyumba, Sista Redempta, mwanamke mrefu asiye na haraka. Alimkuta Imaculata mlangoni na kapu la vitunguu.

"Tumsifu Yesu Kristu."

"Milele amina," Imaculata alijibu, mbio. Salamu hiyo aliipokea mara ishirini kwa siku. Kila aliyemsalimu alianza kwa kulitaja jina la mwanawe, na yeye alikuwa amezoea kujibu kabla jina halijamfika moyoni.

Sista alichukua lile kapu. "Jikoni kuna watu. Wewe leo unakaa."

"Sista, wale hawajui. Wali utaungua."

"Tutakula ulioungua."

Baada ya mafundisho mafupi Sista aliwakusanyia simu zote kwenye beseni, akawatuma nje kwa saa mbili. "Msisali rozari," aliwaambia. "Msiimbe. Mmeshamwambia mengi. Mwacheni na yeye aseme."

Imaculata alipata jiwe nyuma ya banda la ng'ombe, linalotazama mlimani. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, na ukungu ulikuwa umeshikilia miti kule juu. Nusu saa ya kwanza alipanga. Alipanga vifungo vya mavazi ya Pasaka, akapanga nani apike siku ya kipaimara, akapanga la kumwambia Sista kuhusu wali. Kisha mipango ikaisha. Hakuwahi kujua kwamba mipango inaweza kuisha.

Swali likaja. Alisubiri hasira ndani yake, asikie kelele ya hukumu aliyoikimbia miaka yote ile. Hakusikia. Swali lilikaa tu pale, kama mtu aliyekuja na kutwa nzima ya kungoja.

"Jumanne," alisema kwa sauti. "Ilianza Jumanne."

Akalia hadi kanga ikalowa. Alimlilia Tumsifu aliyelala chini ya ile meza. Alilia kwa ajili ya zile sketi kumi na nne ambazo huenda zilikuwa zimeshachakaa na kufanywa matambara. Akadhani yamekwisha, kwamba hilo ndilo alilotakiwa kusema. Lakini alipotulia, kitu kingine kilimjia, na alijua hakikutoka kwake kwa sababu yeye asingekileta. Alimwona mama mkwe wake nyuma ya nyumba, akimtazama, akitafuta shahidi. Miaka miwili alijiandaa kuulizwa habari za mtoto. Habari za huyu mama hakujiandaa.

Jumapili baada ya chakula cha mchana Pankrasi alikuwa uani akipiga dawa buti zake za kazi. Imaculata alivuta kigoda.

"Baba Tumsifu, nina neno."

"Sema."

"Homa ya Tumsifu ilianza Jumanne."

Pankrasi aliendelea na brashi. "Jumanne ipi?"

"Ile. Kabla ya Alhamisi."

Brashi ikasimama.

"Alikwambia anaumwa?"

"Aliniambia. Jumanne, Jumatano, na Alhamisi asubuhi. Nilikuwa nashona."

"Na mama?"

"Mama alisema kweli."

Imaculata alikuwa amejiandaa kupigwa, au kufukuzwa. Pankrasi aliweka buti chini taratibu, akapanga na lile la pili pembeni yake, akaingia ndani. Kulipokucha alipanda gari la Mbinga bila kuaga.

Imaculata alimfuata Jumamosi. Alimkuta makaburini, amepiga magoti, anang'oa majani juu ya kaburi la mama yake kwa mikono. Hakumkaribia. Alikwenda kwa wifi yake, Recho, aliyekuwa ameishi na bibi hadi siku ya mwisho, akaomba wazee wawili wa ukoo nao waitwe, akasema yote mbele yao akiwa amekaa chini. Hakueleza wingi wa kazi.

Recho ndiye aliyesema.

"Mama aliacha kula wiki zake za mwisho. Tulidhani ni uzee. Kila siku ananiambia, mpigie Ima, ana jibu langu." Alifuta pua kwa pembe ya kitenge. "Mwishoni alianza kujiuliza mwenyewe. Ananiambia, Recho, labda kweli mtoto alikuwa na homa, labda mimi ndiye sikuona. Amekufa anaamini ameua mjukuu wake. Sasa umekuja kutuambia. Sisi tumwambie nani?"

Baadaye Recho alileta maji ya kunawa na ugali, kwa sababu mgeni ni mgeni. Imaculata alikula. Aliona kukataa kungekuwa namna ya kuomba abembelezwe, na hakuwa na haki hiyo.

Pankrasi alirudi kazini Namtumbo. Sasa alikuja Songea mara moja kwa mwezi, analala chumba cha Tumsifu, anaondoka. Imaculata aliacha uenyekiti. Wanawake walinung'unika, na paroko alimwita, naye akamwambia kila kitu kwenye kitubio, akapewa maondoleo. Alitoka kanisani akijua amesamehewa na bado hawezi kupumua vizuri. Majirani walipata habari kidogo kidogo. Wengine waliacha kumpa kazi. Subira hakuuliza kitu. Adhuhuri aliposhusha pazia lake, aligonga ukuta mara moja, na upande wa pili Imaculata alizima redio na kufunga mlango.

Alikaa pale kwenye kiti cha wateja, mikono mapajani. Siku nyingi hakusikia chochote. Siku nyingine alisikia, na lilikuwa jambo dogo: nenda ukamsalimie fulani, mpigie Recho hata kama hatapokea. Alikwenda, alipiga. Recho hakupokea.

Mwezi wa tano, Ijumaa moja, mlango uligongwa wakati amekaa. Alifungua akidhani ni mteja. Alikuwa ni Pankrasi, na mkoba wake wa safari begani. Alitazama mashine zilizofunikwa, akatazama redio.

"Umeme umekatika?"

"Hapana. Nimekaa tu."

"Unaomba?"

"Nasikiliza."

Pankrasi alisimama kizingitini. Alikuwa amekonda. "Anakwambia nini?"

"Leo hajasema."

"Mimi nikinyamaza namsikia mama," alisema. "Ananiambia nimuulize kondakta."

Imaculata alisogeza robota la kitambaa kutoka kwenye kiti cha pili, kile cha karibu na mlango. Pankrasi alikitazama kiti kwa muda, akaweka mkoba chini, akakaa huku amemgeuzia bega. Hawakushikana mikono. Nje bodaboda zilipita, mtu akagonga, akaita, akaenda zake. Walikaa hivyo mpaka Subira akapandisha pazia lake.