Orodha ya Vitabu ya Novemba

Hapa Aislandi husemwa kila mtu ana kitabu tumboni. Mimi changu nilikibeba miaka saba, mimba ambayo hata tembo angenionea huruma, na nilipokaribia kujifungua ndipo daktari akanifunga mkono kwa kile kitambaa cha kupimia presha, akakijaza upepo, akatazama namba, akanipima tena mkono wa pili. Daktari akikupima mikono yote miwili ujue mambo si mambo.

Ilikuwa Februari. Naitwa Hallbera, nina miaka hamsini na minne, napika chakula cha shule katika mji mdogo wa bandari huku kaskazini. Mama yangu alianguka jikoni kwake akiwa na hamsini na sita, mshipa ulipasuka kichwani, mwiko bado kaushika. Kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Daktari akaniandikia: punguza chumvi, kahawa kikombe kimoja tu, achana na keki na peremende, lala mapema, ogelea kila siku mita mia sita. Nikamuuliza, na riwaya je? Akasema niandike, ila nisijiue.

Rahisi kusema. Mwezi mmoja kabla, mhariri mmoja wa Reykjavik anayeitwa Ragna alikuwa ameukubali muswada wangu, akataka marekebisho yote yamfikie mwisho wa Agosti. Kwetu vitabu hutoka vyote kwa mkupuo kabla ya Krismasi, kwa sababu siku hiyo watu hupeana vitabu. Novemba huchapishwa orodha ya vitabu vyote vya mwaka, imepangwa kwa herufi za majina ya waandishi, inaingizwa kila nyumba, hata kwa asiyesoma. Ukiikosa orodha hiyo umeukosa mwaka mzima.

Na mimi sikuwa na miaka ya kuchezea, maana baba hakuwa nayo. Baba yangu, mzee Ketill, ana miaka tisini na mmoja, anaishi makao ya wazee pale juu ya kanisa. Riwaya yangu ni ya wasichana waliokuwa wakitia samaki chumvi kwenye mapipa zamani za ujana wake, na nusu ya visa alinipa yeye, vingine vya aibu kabisa, akicheka mpaka anakohoa. Kila Novemba huichukua ile orodha, kioo cha kukuzia maandishi mkono mmoja, kalamu mkono wa pili, akatia alama anavyovitaka. Nilipomwambia wamenikubali akasema, "Mwaka huu nitatia alama kwako, mwanangu. Baada ya hapo wakinizika, wanizike."

Basi nikajipanga. Nikabandika ratiba kwenye friji. Saa kumi na moja alfajiri niko mezani naandika. Saa moja na nusu niko jikoni shuleni namenya viazi. Saa tisa niko bwawani, nikitoka hapo naenda kumwona baba, kisha nyumbani, na saa nne niko kitandani kama mtoto. Mume wangu Ormur, dereva wa gari la manispaa la kusukuma theluji, alipewa kazi ya kutia vema kila jioni kwenye kila nililotimiza. Alitia kwa kalamu nyekundu na kwa fahari, utadhani yeye ndiye aliyeogelea.

Nilijivuna, sitaki kudanganya. Chumvi niliiondoa mezani. Keki za wenzangu kazini nilizitazama kwa macho ya mtawa. Kilichonisaidia kuvumilia ni lakirisi tu, zile nyeusi ngumu zinazotokana na mzizi mtamu. Jumamosi peremende zote dukani huuzwa nusu bei, mji mzima hubanana penye mapipa ya peremende na vijiko vyao, na Ormur alikuwa ananiletea mfuko mzima, zawadi ya wiki niliyoimaliza bila keki. Nilikisoma kibandiko cha pipa lake kwa makini: haina sukari, haina mafuta. Tena kwangu mimi lakirisi haikuwahi kuwa peremende. Baba akirudi baharini alikuwa nayo kwenye mfuko wa koti, na bibi aliichemsha tukikohoa. Ilikuwa dawa, ilikuwa baba amerudi salama. Sentensi ikinigomea alfajiri natafuna moja, ikigoma tena natafuna mbili. Mfuko wa aproni yangu ya kazini haukukosa.

Aprili daktari akapima. Presha ilikuwa imepanda. Nikamwambia hicho kipimo chake kimezeeka, akaleta kingine, nacho kikasema vilevile. Akaniuliza kuhusu peremende nikamjibu nimeacha, na sikuwa nasema uongo. Akanipa vidonge. Nikaongeza kuogelea hadi mita mia nane. Kahawa nikaiacha kabisa, na kwa kuwa asubuhi bila kahawa haziendi, nikazidisha kutafuna.

Mei miguu ikaanza kunisaliti. Ngazi za shule, ambazo nimezipanda miaka kumi na tisa, zikawa mlima. Misuli ya mashavu ya miguu ilikuwa inakaza usingizini mpaka namwamsha Ormur kwa kilio. Moyo nao ulikuwa unaruka pigo moja, unafidia kwa mawili. Ormur nilimwona anavyoitazama meza yangu ya kuandikia, kwa jicho ambalo mwanamume humtazamia mgoni wake. Na mimi moyoni nilianza kuamini hivyohivyo. Chumvi sili, naogelea, nalala. Kilichobaki ni kitabu. Kitabu ndicho kinachoniua.

Juni, katikati ya bwawa, mikono ilikataa. Sikuumia, sikuogopa, mikono ilikataa tu, nikazama nikiwa natazama vigae vya bluu. Mlinzi wa bwawa alinitoa. Nilipofumbua macho nilikuwa nimelala chini kando ya maji, nimefunikwa taulo tano, na nusu ya mji imenizunguka na nguo za kuogelea.

Ormur alikuja na buti zake za kazi mpaka ndani, jambo ambalo kwetu ni kosa kubwa, na hakuna aliyemkemea. Tulipofika nyumbani akaiondoa ile ratiba kwenye friji, akaikunja, akakaa.

"Mshika mbili moja humponyoka," akasema. "Nilimzika mama mkwe, Hallbera. Wewe sikuziki kwa ajili ya mapipa ya samaki."

Nikamwambia hajui anachoniomba. Nikamwambia miaka saba, nikamwambia baba. Akasema anajua yote hayo, na kwamba anaomba. Ormur haombi. Miaka thelathini ya ndoa nimemsikia akiomba chumvi mezani na basi. Nikalia kwa hasira, nikamtukana kidogo, kisha nikakubali, kwa sababu niliogopa. Mama alikuwa na hamsini na sita.

Kesho yake nikampigia Ragna. Alinipa pole kwa sauti ya upole kabisa, akaniambia afya kwanza, na kwamba nafasi yangu ya mwaka huu itabidi apewe mwingine. Mwakani tutazungumza, akasema. Hakusema mwakani tutachapisha.

Baba nilimwambia mwenyewe. Alinisikiliza huku akikipangusa kile kioo chake kwa shati. Aliuliza kama nina maumivu, nikasema hapana. "Basi mwakani," akasema, akakitia kioo kwenye droo. Nilikaa kwenye gari nje ya makao yale nusu saa nzima kabla sijaweza kuendesha.

Nilitegemea sasa presha itashuka, angalau nione faida ya msiba wangu. Wapi. Julai ilikuwa palepale. Alfajiri niliendelea kuamka saa kumi na moja kwa mazoea, nikakaa mbele ya meza tupu nikitafuna lakirisi mpaka ulimi unakufa ganzi. Ormur, maskini, alipoona ninavyonyong'onyea, akawa ananiletea mifuko miwili kila Jumamosi.

Agosti nilikuwa kwenye beseni la maji moto kando ya bwawa, pale tunapokaa wote baada ya kuogelea, maji shingoni, tukimaliza mambo ya dunia. Mmoja akasimulia kisa cha kondoo wake aliyeingia benki, nikacheka kwa mara ya kwanza tangu Juni, kinywa wazi. Álfdís, muuguzi wa kituo chetu cha afya, alikuwa kanikabili. Akaacha kucheka. Kwenye beseni hatuzungumzi ugonjwa wa mtu, hiyo ni adabu yetu, kwa hiyo akasubiri mpaka nilipoinuka, akanifuata bafuni.

"Dada, toa ulimi," akasema.

Nikiwa uchi wa mnyama, nachuruzika maji, nikatoa ulimi. Nilidhani ananitania. Akauliza kwa nini mweusi. Nikasema lakirisi. Akauliza nakula kiasi gani, nikamwambia mfuko mzima kwa wiki, siku hizi miwili. Akauliza tangu lini. Nikasema tangu Februari, tangu nilipoacha peremende.

Álfdís akakaa kwenye benchi. Akanieleza polepole kwamba huo mzizi ukizidi mwilini hupandisha presha, hupunguza madini yanayoipa misuli nguvu, hulegeza miguu, huvuruga moyo. Kesho yake alinitoa damu, na damu ikasema hivyohivyo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa mfukoni mwa aproni, na kilinunuliwa kwa mapenzi.

Nikaacha siku ileile. Baada ya wiki tano presha yangu ilikuwa ya msichana. Daktari alifurahi, akanipa mkono. Nikampigia Ragna, nikamwambia nimepona, nafanya kazi usiku na mchana akitaka. Akasema vitabu vya mwaka huu vimeshakwenda mtamboni.

Ormur nilimwadhibu wiki nzima, sitajisafisha. Nilimwambia yeye ndiye aliyenilisha sumu kwa mkono mmoja na kuninyang'anya kitabu kwa mkono mwingine. Siku ya saba nilimkuta gerejini, ndani ya gari lililozimwa, amekaa tu. Akasema, "Nilikuwa naziokota moja moja zile ngumu, kwa sababu ndizo unazozipenda." Hapo hasira ikanivunjikia mikononi. Yeye alinunua, mimi nilikula, baba alinifundisha, na bibi kabla yake. Ningemshtaki nani?

Nikarudi mezani kwangu. Nilimaliza marekebisho yote Oktoba, alfajiri, kwa chai ya maji matupu. Ratiba nikaibandika tena kwenye friji. Naogelea mita elfu moja sasa. Kila mtu mjini ananiambia nimependeza.

Novemba orodha ikaja. Ilianguka mlangoni kwetu, nzito, inanukia wino, na Ormur akaificha chini ya magazeti, kana kwamba sina macho. Alasiri tukaenda pamoja kwa baba. Kule nako ilikuwa imefika. Mzee alikuwa kavaa shati jeupe, sijui kwa nini, ameketi mezani penye taa, kioo mkono mmoja, kalamu mkono wa pili. Alikuwa ameshafika kurasa za mwisho na hajatia alama hata moja.

Nikajua kabla hajafungua mdomo. Alikuwa amesahau. Yote ya Juni yalikuwa yamemtoka, na lililobaki ni lile la Januari.

"Wamekuruka," akasema. "Nimepitia wote, jina kwa jina. Washenzi hawa wamekuruka."

Nikapiga magoti karibu na kiti. Nikamwambia, baba, hawakuniruka, mimi mwenyewe nilikitoa, niliumwa, nilikwambia. Aliniangalia usoni kwa muda mrefu, na nikaona anajaribu kwa nguvu zote kukumbuka, na hapati. Ormur nyuma yangu akasema kwa sauti ya chini kwamba kosa ni lake, mzee, yeye ndiye aliyemlazimisha. Baba hakumsikia, au hakumjali. Alikuwa ameona machozi yangu tu, na jambo hilo alijua la kulifanyia, maana alilifanya nikiwa na miaka minne.

Akavuta droo. Akatoa kikopo cha bati, akakifungua kwa vidole vyake vilivyopinda, akakisukuma mbele yangu. Ndani kulikuwa na lakirisi, nyeusi, ngumu, zile za mabaharia.

"Chukua, mwanangu, usilie," akasema. "Huenda nimepitiwa mimi. Macho haya si ya kuaminika."

Nikachukua moja nikaifumbata kiganjani. Ormur alitoka nje, nikamsikia anakohoa ukumbini kikohozi kisicho cha ugonjwa. Baba akalamba kidole, akaifunua orodha tangu ukurasa wa kwanza, akainamisha kioo, akaanza upya kunitafuta. Nilikaa naye mpaka chakula cha jioni. Tulifika herufi ya D, na kiganja changu kilikuwa cheusi.